Mapacha wa Redio Tulivu

Wananchi watukufu, mlioketi na mliosimama, mlio na viatu na mliovivua kwa sababu ya matope: inatangazwa rasmi kwamba kati ya Kitale na Bungoma kuna daktari bingwa wa moyo. Hana koti jeupe. Hana kile kifaa cha kuning'iniza shingoni. Chuo kikuu hakikuwahi kumfukuza, kwa kuwa hakikuwahi kumpokea. Wagonjwa wake ni wawili tu, wote wa chuma, na wamelazwa katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya mbegu za mahindi, nyuma ya studio ya Redio Tulivu, mjini Kitale. Jina lake ni Khisa. Mpokeeni kwa heshima anayostahili, hata kama kwa sasa yuko chini ya meza na sehemu yake inayoonekana ni soksi.

Cheo hicho hakujipa. Alipewa na mamake, huko Bungoma, mbele ya kanisa zima, wakati wa ushuhuda. Khisa alikuwa amemweleza kwa simu habari ya kazi yake mpya: kwamba redio ina kompyuta mbili kubwa zinazocheza nyimbo na matangazo na kupokea salamu za wasikilizaji, kwamba moja hufanya kazi na nyingine hungoja, kwamba kati yao umepita waya, na kupitia waya huo kila moja humwambia mwenzake bila kuchoka, "Niko hai, niko hai, niko hai", na kwamba siku ile inayofanya kazi ikinyamaza, inayongoja hujua ndugu amekufa, ikaingia mahali pake kabla msikilizaji hajamaliza kukohoa. Programu yenyewe, alisema, jina lake la Kizungu maana yake ni Mapigo ya Moyo.

Katika hayo yote mama alishika neno moja. Jumapili akasimama, akakaza kitambaa kichwani, akamshukuru Mungu kwa mwanawe ambaye sasa anatibu mioyo Kitale. Kanisa likapiga makofi. Tangu hapo Khisa akienda nyumbani kupumzika, hukuta akina mama wamekaa kwenye benchi nje ya jikoni, wametulia, kama watu wanaongoja kuitwa.

"Dakitari," jirani yao Dinah alimwambia siku moja, "huu wangu unaruka-ruka nikipanda kilima."

"Mama, mimi ni wa kompyuta."

"Si ni moyo tu, bana. Sikiliza."

Akasikiliza. Akamwambia apunguze chumvi, ushauri ambao haujawahi kuua mtu, na Dinah akapona akaanza kumtangaza mpaka Chwele.

Sasa, kwa Wabukusu, Khisa ni jina la mtoto anayefuata mapacha. Kaka zake, Mukhwana na Mulongo, walipozaliwa, kijiji kizima kilikuja na ngoma na zile nyimbo za matusi ambazo siku nyingine ungeziimba ufukuzwe kwenye kwaya. Khisa alipozaliwa, jirani mmoja alileta ndizi. Akakua akiwa mjumbe. Mapacha walikuwa wakigombana asubuhi na kununiana hadi jioni, na kazi ya Khisa ilikuwa kukimbia kutoka pembe moja ya boma hadi nyingine: "Mukhwana anasema yuko lakini haongei na wewe." "Mulongo anasema hata yeye yuko." Kwa hiyo alipokabidhiwa kompyuta mbili zinazofanana kila kitu, hakuhangaika na majina. Akaandika kwa kalamu nene, akabandika: MUKHWANA, na pembeni yake, MULONGO. Yeye, kama ilivyo desturi, akawa wa tatu.

Programu ilikuwa huria. Maana yake ni kwamba imeandikwa na watu wengi wa dunia nzima wasiojuana, wakaiacha wazi kila mtu aichukue, aifungue, aitengeneze, na ikimshinda awaulize. Nao hujibu, baada ya kugombana wao kwa wao kwanza. Hilo Khisa alilipenda, lilimkumbusha nyumbani. Mkurugenzi wa redio, Bwana Gicheru, hakulipenda. Gicheru alizaliwa Kitale, akalima mahindi miaka mingi kabla ya kuwa mkurugenzi, na alikuwa na imani moja kubwa maishani.

"Kitu cha bure, Khisa, ni mafua na ushauri."

Lakini mitambo ilipofanya kazi mwaka mzima bila kukatika, akaanza kuwaambia wageni "huu mfumo wetu", akiupiga-piga mgongoni kama fahali.

Halafu zikaja mvua za mwaka 2006. Zilianza vizuri kwa wakulima na vibaya kwa Khisa.

Alasiri moja Linet alikuwa hewani. Linet ndiye mtangazaji wa salamu, msichana wa Saboti mwenye sauti inayomfanya mtu aongeze sukari kwenye chai bila kuonja. Aliwaandaa wasikilizaji kwa tangazo la kifo, akabonyeza, likaanza: familia ya mzee fulani inasikitika. Papo hapo, bila mtu kugusa chochote, rumba ikaingia juu yake. Kwa muda wa kutosha kuchemsha yai, wilaya nzima ilielezwa kwamba marehemu ameacha wajane wawili, huku mwimbaji akihimiza wote waliopo wakate kiuno. Simu zikalia. Wengine walikuwa na hasira. Mmoja, kutoka Moi's Bridge, aliuliza kama tangazo litarudiwa, maana mwanzo alikuwa nje na hakuweza kucheza.

Kilichotokea ni hiki. Mapigo kwenye waya yalikuwa yamekatika. Mulongo, aliyekuwa akingoja, hakusikia tena "niko hai", akaamua kaka amekufa, akaingia kazini kama alivyofundishwa. Shida ni kwamba Mukhwana hakuwa amekufa. Alikuwa mzima, anachapa kazi, na yeye kwa upande wake, akiwa hamsikii mdogo wake, aliamini kabisa kwamba ni Mulongo aliyetangulia mbele za haki. Basi wote wawili wakawa hewani, kila mmoja yatima wa ndugu, kila mmoja akibeba mzigo wa boma lote peke yake kwa uchungu.

Khisa hakuwepo. Asubuhi alikuwa akikaa na mapacha. Alasiri alikuwa akipanda kilimani kuangalia mnara wa kurushia matangazo. Alipofika mbio, akitiririka maji, mvua imekatika, waya uko mahali pake, mapigo yanasikika vizuri. Ila sasa mapacha hawasemezani. Wakati wa utengano kila mmoja alikuwa amepokea salamu zake, na kila mmoja alishikilia kwamba kumbukumbu yake ndiyo ya kweli. Hapo programu hizi hazina ujanja. Zinangoja mwanadamu aketi kama mzee wa ukoo kwenye kesi ya shamba, aamue nani atasahau. Khisa alimhukumu Mulongo asahau. Mulongo akasahau, na salamu zote za kikundi cha wasalimiani wa Moi's Bridge zikazikwa bila sala.

Mvua iliyofuata, ikawa vilevile. Na iliyofuata.

Gicheru akamwita ofisini. Kwenye kiti cha wageni alikuwa ameketi mtu mwenye viatu vya ncha kali na miguuni pake boksi jeusi.

"Khisa, hawa watoto wako wamenitia aibu. Juzi nimekaa na wazee wa kanisa, redio inazika mtu na kumchezesha kwa wakati mmoja."

"Natafuta, mkubwa."

"Unatafuta wapi?"

"Kwa waya."

"Waya si huo hapo, unauona? Utatafuta nini kwa kitu unachokiona?" Akamwelekeza mgeni kwa kidevu. "Huyu ni Kibiwott wa Eldoret. Ameleta mashine moja tu, haihitaji ndugu. Mweleze, Kibiwott."

Kibiwott alitabasamu kwa meno mengi. "Hii kitu imefungwa na kampuni. Haifunguliwi."

"Ikiharibika?"

"Haiharibiki."

"Sawa. Lakini ikiharibika?"

"Unapigia Nairobi simu."

"Na Nairobi wakikosa kushika?"

"Mkubwa," Kibiwott akamgeukia Gicheru, "huyu kijana ana roho ya kuombea watu mabaya."

Gicheru akakata maneno. Jumamosi ya baada ya wiki mbili redio ilikuwa inatimiza miaka mitatu. Kungekuwa na wageni, na pilau, na Linet angekuwa hewani mchana kutwa. Boksi la Kibiwott lingewekwa kando ya mapacha, limewashwa, wageni walione. "Hao wako wakichanganya hata wimbo mmoja siku hiyo, Jumatatu wanatoka. Na wewe utawabeba, halafu usirudi."

Khisa alitoka pale. Kurudi Bungoma hakukumtisha; Bungoma kuna viazi, kuna mama. Kilichomtisha ni ile benchi nje ya jikoni. Angewaambia nini Dinah na wenzake? Kwamba daktari amefukuzwa hospitali? Isitoshe, kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kitu ambacho kikienda vizuri, yeye ndiye aliyefanya kiende vizuri, hata kama hakuna aliyejua. Mtu aliyezaliwa baada ya mapacha hajali sana kujulikana. Anajali asifukuzwe.

Akabadilisha waya. Akabadilisha soketi. Akafungua mashine zote mbili akazipuliza vumbi, akakuta mbegu tatu za mahindi na mende mmoja mwenye afya. Akaenda saiba, kwenye duka la intaneti ya kulipia, akawaandikia wenzake wa mtandaoni: jamani, mashine zangu hukosana mvua ikianza tu, na hupatana ikiisha. Wenzake wakafurahi kupita kiasi. Hawajawahi kuona ugonjwa mzuri namna hiyo. Mjerumani mmoja akauliza kwa upole, je, mvua inanyesha ndani ya chumba cha mashine? Khisa akakumbuka dari, akajibu kwa ukweli: kidogo, pembeni. Wakabishana juu ya pembeni wiki nzima.

Jumapili akaenda Bungoma kufariji moyo wake mwenyewe, maana daktari hajigangi. Walikuwa wanakula wakati ngurumo ya kwanza ilipopita juu ya mabati. Mama aliacha ugali, akachomoa televisheni, akachomoa antena, akafunika kioo kwa leso, akamvua mjukuu sweta jekundu lisije likaita radi, akarudi kuketi. Khisa naye, huku anaendelea kulalamika kwamba hajui ni nini kinachokata waya wake kila mvua ikianza, alinyoosha mkono akachomoa redio, akaukunja waya wake vizuri, akaiweka mbali na dirisha.

"Ni ajabu kweli," alisema mama.

"Ni ajabu," alisema Khisa, akachovya tonge.

Ijumaa hakwenda kwenye mnara. Aliketi kwenye pembe ya kile chumba, juu ya gunia, akawakodolea macho mapacha kama mtu anayelinda kuku. Taa zao ndogo zilikuwa zikipepesa pamoja, niko hai, niko hai. Nje upepo ukainuka kutoka Mlima Elgoni. Kukawa na giza la saa nane mchana, lile la Kitale, ambapo mtu hutafuta sweta na kiberiti kwa pamoja. Radi ikanguruma mbali.

Mlango ukafunguka. Akaingia Phelista, mama anayepiga deki na kupika chai ya redio, na kitambaa chake begani. Phelista alikuwa wa Kabuchai, na kama wengi wa huko, alizitumia r na l kwa zamu.

"Kumbe uko hapa, mwanangu. Sogeza mguu."

Akapiga goti nyuma ya mashine, akashika ule waya wa mapigo, wa buluu, akaubana kwenye ncha, akauchomoa taratibu kama anayemtoa mtoto mwiba. Kwenye spika ya varandani, wimbo wa injili wa Linet ukaota wimbo wa pili.

Khisa aliinuka kwenye gunia.

"Mama Phelista."

"Eeh."

"Unafanya nini?"

"Si nawatenganisha. Husikii ladi?"

"Kwa nini unawatenganisha?"

Phelista alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Mimi nimezaa mapacha. Mukhwana na Mulongo, kama hawa wako. Mvua ya ladi ikija huko kwetu, mmoja narara naye, mwingine anaenda kwa nyanyake. Ikipiga nyumba moja, Mungu amesaidia, mmoja anabaki. Sasa hawa ni wazito, nitabeba aje? Waya ya stima ulisema nisiguse, na sijagusa. Huu haukuniambia kitu."

"Na mvua ikiisha?"

"Narudisha, napanguza. Ndugu hawakai mbali siku zote."

Khisa aliushika waya, akaurudisha mahali pake, akawasha kioo cha kompyuta akamhukumu Mulongo asahau kwa mara ya mwisho. Kisha akalala chali juu ya saruji akacheka. Alicheka mpaka Linet akatoka studio wimbo ukiendelea, akachungulia mlangoni.

"Niaje, Khisa? Nyinyi mnacheka, mimi huko nimemtangaza bwana harusi na ng'ombe aliyepotea kwa pamoja. Watu wa bibi harusi wamepiga simu wanauliza alama yake ni gani."

"Linet, rudi hewani. Nimepona."

Alipoweza kuketi, akamweleza Phelista polepole. Kwamba yale anayoyafanya Kabuchai ndiyo hasa kazi ya hawa wawili: mmoja akiondoka, mmoja abaki. Ila hawa wanapaswa kusikiana. Ukichomoa huu waya, kila mmoja anaamini mwenzake amekufa.

Phelista akaweka mkono mdomoni. "Kira mvua?"

"Kila mvua."

"Wanalia?"

"Hawalii. Wanarithi."

"Haki, watoto wa siku hizi."

Khisa akaona amweleze yote. Wenzake wa ng'ambo wana dawa kali: yule anayeshuku ndugu amekufa ampige kwanza risasi ya kichwa, yaani amkatie umeme mwenyewe kwa kifaa maalumu, ndipo awe na uhakika na kurithi. Ndivyo hata wanavyoiita, risasi ya kichwa, bila kuona haya.

"Hiyo ni boma ya nani?" aliuliza Phelista. Aliinuka na ndoo yake. "Kwa nyumba ninayopiga deki, ndugu hawapigani lisasi."

Basi dawa hiyo ikaahirishwa. Wala Khisa hakumkataza Phelista kuchomoa waya wa buluu. Alimjua mama. Angeahidi, radi ingepiga, na mikono ingekwenda yenyewe. Ya Khisa si ilikwenda Bungoma akiwa anakula? Programu ikikuomba njia moja ya mapigo, wazo likamjia, uipe mbili. Akatafuta waya wa pili, mwembamba wa kijivu, wa aina ya zamani, akaupitisha nyuma ya meza na chini ya mkeka, akaiambia programu isikilize kote. Waya mmoja ukichomolewa, mapacha wangesikiana kwa ule mwingine.

"Huo nao utaleta ladi," alisema Phelista.

"Huo ni mwembamba, mama. Radi haiwezi kupita hapo."

Huo ulikuwa uongo, na wanafizikia wamsamehe.

Jumamosi ikafika na jua la kudanganya. Wageni wakajaa uani chini ya turubai: wachungaji, wakulima wakubwa, diwani mmoja aliyekula mara mbili kwa majina tofauti. Linet alikuwa hewani, salamu zikimiminika kutoka Saboti mpaka Kabuchai. Ndani ya chumba cha mashine, kando ya Mukhwana na Mulongo, boksi la Kibiwott lilikuwa limewaka taa moja ya kijani, na Kibiwott mwenyewe alikuwa mlangoni akiwaonyesha wazee kile ambacho hawaruhusiwi kufungua.

Khisa alikuwa hajala. Alikuwa amekunywa chai tu, nyingi, ya woga. Mawingu yalipoanza kujipanga juu ya mlima, tumbo lake nalo likajipanga. Alijaribu kulinyamazisha. Alitembea mara mbili hadi kwa mapacha, akawatazama, akarudi. Mara ya tatu tumbo halikushauriana naye. Akakimbia kukata uani, akaingia choo cha mabati kilichoko nyuma ya kibanda cha mlinzi, akafunga kwa ndani, na mvua ikateremka yote kwa pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa. Saa ya hatari, saa ambayo kazi yake yote ilikuwa ikipimwa, bingwa wa moyo alikuwa amechuchumaa, maji yakipiga mabati kama mtu anayemwaga kokoto, na kitu pekee kilichomfikia kutoka ulimwenguni kilikuwa redio ndogo ya mlinzi hapo jirani. Linet alikuwa ametoka tu kuzisoma salamu za Moi's Bridge, akaweka wimbo. Radi ikapasuka juu kabisa ya mji. Khisa akashika ukuta.

Wimbo ukakatika.

Alisikia mvua tu. Akaanza kumwomba Mungu, kisha akaona mahali alipo akaomba kwa sauti ya chini. Hakuwa amefika kwenye amina wakati wimbo uliporudi, palepale, ubeti uleule, mmoja, safi, hakuna wa pili juu yake. Alingoja wa pili. Hakuja. Linet akaingia akacheka kidogo hewani: "Samahani, msikilizaji, hiyo ilikuwa radi inatusalimia. Tuendelee."

Pacha mmoja alikuwa amekufa huko ndani, Khisa alijua, na mmoja alikuwa amebaki. Akafunga mkanda akatoka kwenye mvua anakimbia bila kujali matope.

Alikuta chumba cha mashine kimejaa wageni. Katikati alisimama Bwana Gicheru, suti imelowa mabegani, mkono huu ameshika waya wa umeme wa Mukhwana, ule mwingine wa boksi la Kibiwott, zote amezichomoa kutoka migongoni mwa mashine zenyewe. Mtoto wa Kitale ni mtoto wa Kitale. Radi ilipopasuka, mkurugenzi alisahau wageni na miaka mitatu, akafanya kile mamake alichomfundisha. Angemchomoa na Mulongo pia, ila mbele ya Mulongo alisimama Phelista na ufagio.

"Huyu mwache," alikuwa akimwambia mkubwa wake. "Mmoja razima abaki."

Waya wa buluu ulikuwa kwenye mkono wa pili wa Phelista. Alikuwa ameshauchomoa kitambo.

Gicheru aliwatazama wageni, akatazama mikono yake. Kutoka varandani sauti ya Linet ilikuwa ikisalimia Saboti kana kwamba hakuna aliyewahi kufa. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Kwani umezima na bado inaimba?"

"Ni jaribio," alisema Gicheru. "Nilikuwa nawaonyesha. Huu mfumo wetu, unamzima mmoja, mwingine anaamka. Na huu wa Kibiwott, tunauwasha tena hapa mbele yenu, tulinganishe."

Wakauwasha. Boksi jeusi likafikiri, kisha likadai namba ya siri ya kampuni ndipo liendelee. Kibiwott akapiga simu Nairobi. Ikalia. Akapiga tena, amewageuzia wote mgongo. Nairobi, Jumamosi, walikuwa kwenye nyama choma kama watu wengine. Khisa alitamani kurudia lile swali lake la ofisini, lakini aliona si Ukristo. Alichukua waya kutoka mkononi mwa mkurugenzi, akamwasha Mukhwana. Mukhwana akaamka, akamsikia nduguye kwenye ule waya wa kijivu, akatulia akangoja zamu yake. Hapakuwa na ugomvi wala wa kusahaulishwa. Phelista akaurudisha waya wa buluu, akaupanguza.

"Jumatatu," Gicheru alimwambia Khisa kwa chini, "utaniandalia chumba chenye dari nzuri. Kwa hao."

"Ndiyo, mkubwa."

Wageni walipiga makofi muda mrefu, mvua ikawasaidia. Na Gicheru, ambaye sasa alikuwa ameshaamini kabisa kwamba lilikuwa jaribio, akamshika Khisa mkono, akamburuta hadi studio, akamketisha mbele ya maikrofoni akiwa bado anatiririka maji, mguu mmoja hauna kiatu. Linet akashusha wimbo taratibu.

"Wasikilizaji wetu wa Kitale, Bungoma na kila mahali," alisema kwa ile sauti ya sukari, "nimeketi hapa na shujaa wetu. Radi imepiga, mitambo imezimwa, lakini kijana huyu amesimama imara kama askari wa zamu, na redio yenu haikunyamaza. Mama yake yuko Bungoma anasikiliza, kanisa lake linasikiliza. Khisa, tuambie kwa maneno yako mwenyewe, wakati ule mgumu, roho mkononi, Mukhwana amezimwa na taifa linangoja, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Khisa aliisogelea maikrofoni.

"Nilikuwa choo."